Kupata marafiki ukubwani baada ya kuhamia mji mpya: mwongozo kamili

Shuleni hukuhitaji ujuzi wowote wa kutafuta rafiki. Ulikaa dawati moja na mtu yuleyule siku tano kwa wiki, mwaka mzima, mkatoka mapumziko pamoja na kurudi nyumbani kwa njia moja. Ratiba ilikuwa imekwisha kupangwa na wakubwa, urafiki ukafuata wenyewe. Ukihamia mji mpya ukiwa mtu mzima, uchangamfu wako umekuja nao, ila ratiba ile imebaki nyuma. Kazi iliyo mbele yako ni kuipanga upya kwa mkono wako, ili uonane na watu wachache walewale, mara nyingi, kwa muda wa kutosha. Hatua zote zilizo hapa chini zinatumikia jambo hilo moja.

Anza na hesabu ya saa

Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha utafiti uliohusisha watu wazima waliokuwa wamehama katika miezi sita iliyotangulia, pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo. Alikadiria kwamba mtu mnayejuana naye tu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja nawe hadi awe rafiki wa kawaida, kama saa 90 hadi awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 hadi muwe chanda na pete. Saa za kufanya kazi pamoja hazikusogeza urafiki kama saa za kupumzika, kucheza na kuzungumza.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye wiki yako. Kikundi kinachokutana mara moja kwa wiki kwa saa moja na nusu kitakufikisha saa 50 baada ya wiki 33 na ushei, yaani zaidi ya miezi saba. Mtu huyohuyo ukionana naye saa mbili nyingine kila wiki nje ya kikundi, mtafika saa 50 katika wiki ya 15, na saa 90 katika mwezi wa sita. Na hapo tumekuwa wakarimu, maana katika kikundi cha watu 20 huenda ukaongea na mtu mmoja dakika kumi tu jioni nzima. Kikundi ni mahali pa kukutania. Saa zenyewe hujazwa nje yake.

Hesabu hii inaeleza kosa linalowaangusha wageni wengi kuliko jingine lolote. Mtu anahudhuria wiki sita, haoni rafiki, anaamua kwamba watu wa mji huu wana roho ngumu, anaacha. Wiki sita za saa moja na nusu ni saa tisa. Hakuna aliyemkataa, ameondoka kabla mambo hayajaanza.

Chagua mahali pawili pa kurudi

Pawili, si saba. Mgeni mwenye hamu hujiandikisha kila kona mwezi wa kwanza, akachoka mwezi wa pili, akaacha kote. Mahali pazuri pana sifa hizi: watu wanakutana kila wiki, siku na saa ileile, wanaokuja ni walewale, idadi yao ni kati ya sita na kumi na watano, kuna kazi ya mikono au miguu inayowashughulisha, na kuna dakika za kusubiriana kabla au baada ya shughuli. Kwaya, timu ya mchezo, kikundi cha kukimbia au kutembea, darasa la lugha, kozi ya ufundi, kikundi cha kujitolea, jumuiya ya ibada: yote hayo yanafaa. Mihadhara, matamasha na mikusanyiko mikubwa ya mara moja haifai, hata kama ina watu wazuri, kwa sababu wiki ijayo watakuwa watu wengine. Ukumbi wa mazoezi ambao kila mtu ameziba masikio yake na muziki nao haufai, labda ujiunge na darasa la pamoja lenye mwalimu.

Umbali nao upime kwa makini. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika nyumba za wanafunzi wenye familia wa chuo cha MIT, Marekani. Wakazi walioishi mlango kwa mlango walitajana kuwa marafiki wa karibu kwa asilimia 41. Waliotenganishwa na mlango mmoja asilimia 22. Wa ncha mbili za ukumbi uleule asilimia 10. Hatua chache tu za ukumbini zilitosha kuleta tofauti hiyo. Kwa hiyo kikundi kilicho mwendo wa dakika 60, hata kiwe bora kuliko vyote, kitakushinda siku ya mvua ya kwanza. Tafuta kilicho ndani ya dakika 20 kutoka nyumbani, au kilicho njiani unapotoka kazini.

Pa kuvipata vikundi hivi: mbao za matangazo za maktaba, viwanja vya michezo na nyumba za ibada, makundi ya mtaa wako kwenye simu, na swali moja kwa mfanyakazi mwenzako, "Wewe jioni ukitoka hapa huwa unafanya nini?" Swali hilo hupuuzwa, lakini huzaa kuliko kutafuta usiku kucha kwenye intaneti. Vikundi vya wageni wenzako vina joto la haraka, kwa kuwa kila mmoja ana njaa ya watu. Ubaya wake ni kwamba wageni huhama tena. Basi kimoja kiwe cha wageni ukipenda, cha pili kiwe cha wenyeji.

Jipe wiki 12 katika kila kikundi kabla ya kuamua. Kama umedharauliwa au kutukanwa, ondoka siku hiyohiyo. Kama umechoshwa tu, endelea.

Wiki za mwanzo: onekana, kisha omba jembe

Mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh waliwatuma wanawake wanne wanaofanana kimwonekano kuhudhuria somo moja la chuo. Mmoja hakwenda kabisa, wengine walikwenda mara 5, 10 na 15. Hawakuzungumza na mtu. Mwisho wa muhula wanafunzi wa somo hilo walioneshwa picha za wanawake hao, na aliyehudhuria zaidi ndiye aliyependwa zaidi. Ukiwa mtu wa haya, jambo hili likutie nguvu: kule kuonekana tu tayari kunakufanyia kazi, kabla hujasema neno.

Fika dakika kumi kabla, ondoka kati ya wa mwisho. Kaa sehemu ileile. Jifunze majina matatu kila siku, na ukitoka tu yaandike kwenye simu pamoja na alama ya kumkumbuka mtu na jambo alilosema: "mrefu, miwani, anahamisha mama yake mwisho wa mwezi." Wiki inayofuata ukimwuliza mama ameshahamia, umefanya kitu ambacho watu wengi hawafanyiwi na mtu yeyote wiki nzima.

Tazama dakika tano za mwisho wa kikao, maana ndizo zenye thamani kuliko saa nzima iliyopita. Mwalimu amemaliza. Nusu ya watu wameshachukua mifuko na kutoka bila kugeuka. Waliobaki watatu au wanne wanakunja mikeka, wanapandanisha viti, mmoja anatafuta kifuniko cha chupa yake chini ya meza. Hakuna anayetazamana uso kwa uso, mikono ina kazi, na maneno yanatoka bila kulazimishwa. Mgeni mwenye haya huwa ameshafika mlangoni wakati huo. Wewe shika kiti. Kibebe mpaka stoo, urudi kuchukua kingine. Mtu aliyebeba ncha ya pili ya meza uliyoinua atakusemesha, na asiposema, una la kumwambia: "Huku inaingia?"

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika kikundi cha watu wazima hakuna atakayekupa jembe, kwa kuwa wanaogopa kukusumbua. Liombe. Ifikapo mara ya tatu au ya nne mwendee kiongozi na umwombe kazi ndogo yenye jina: kufungua mlango, kuweka orodha ya mahudhurio, kukumbusha watu siku moja kabla, kutunza mipira. Kazi hiyo inakupa sababu ya kumsemesha kila mtu, inakulazimisha kuja hata siku usiyojisikia, na inafanya watu waulize habari zako usipoonekana.

Kuzungumza

Hapa hapahitaji mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Karen Huang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard ulionesha kwamba watu humpenda zaidi mzungumzaji anayeuliza maswali, hasa maswali yanayofuatia kile walichosema. Mtu akikuambia amechoka kwa sababu amekuwa akipaka rangi nyumba, usikimbilie kusimulia nyumba yako. Uliza anapaka mwenyewe au na nani, na chumba gani kimemsumbua. Maswali mawili ya kufuatia, kisha toa jambo lako moja la ukubwa uleule, ili isigeuke mahojiano.

Mwaliko wa kwanza

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanajuana na watu kumi kwenye kikundi, wanacheka nao kila wiki, mwaka unakwisha bila kuonana na mmoja wao mahali pengine. Kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Anza wewe.

Njia nyepesi ni kurefusha kile kilichopo kwa nusu saa. Mnapotoka sema, "Napita pale kwenye kona kupata kitu cha kunywa kabla ya kwenda nyumbani, twende?" Hakuna ratiba ya kupanga wala uzito wa kuitwa rasmi. Fanya hivyo mara mbili au tatu, na watu tofauti, kabla ya mwaliko kamili.

Mwaliko kamili una mambo manne: shughuli, siku na saa, mahali, na mlango wa kukataa bila aibu. "Tutafutane siku moja" hauna hata moja kati ya hayo, ndiyo maana haujawahi kuzaa kitu. Linganisha na ujumbe huu:

"Habari za tangu Jumanne. Jumamosi saa nne asubuhi nitaenda kutembea kule bustanini, kama saa moja hivi. Nimekumbuka ulisema daktari amekushauri utembee. Ukiwa na nafasi karibu twende. Ukibanwa hamna neno, mimi nitakuwepo tu."

"Saa moja hivi" inamwambia mwenzako lini atakuwa huru, na mtu akijua mwisho haogopi mwanzo. "Nimekumbuka ulisema" inaonesha ulimsikiliza, kwamba humtumii kila mtu ujumbe uleule. Na "mimi nitakuwepo tu" inamwondolea mzigo wa kuhisi kwamba asipokuja atakuwa amekuharibia siku. Tuma ndani ya siku mbili tangu mzungumze, mazungumzo yakiwa bado ya moto, na mpe siku tatu hadi tano za kujipanga. Mara ya kwanza iwe mchana, mahali penye watu, saa moja hadi moja na nusu, kila mmoja na usafiri wake, na mtu mmoja unayemwamini ajue uko wapi.

Kisha soma jibu. "Wiki hii nimebanwa, vipi Jumamosi ijayo?" ni ndiyo. "Asante, nimebanwa," bila siku nyingine, halina maana yoyote bado. Watu wazima wamebanwa kweli. Subiri wiki mbili au tatu, mwalike tena kwa jambo la aina nyingine. Akikataa mara ya pili bila kutaja siku, acha kumwalika, lakini uendelee kumsalimu kwa uchangamfu uleule kikundini. Asipojibu kabisa, usimtumie ujumbe wa kuuliza kama aliupata. Na usimng'ang'anie mtu mmoja: katika mwezi mmoja waalike watu watatu au wanne, kila mmoja kwa wakati wake.

Ukirudi nyumbani baada ya kuonana mara ya kwanza, kichwa kitaanza kukuambia ulisema sana, ulicheka pasipo mahali pake, hakufurahi. Usikiamini. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walichapisha tafiti zilizoonesha kwamba watu wanaozungumza kwa mara ya kwanza hudhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Hali hiyo iliendelea kwa miezi hata kwa wanafunzi walioishi pamoja. Yule mwenzako naye huenda yuko kwake anajilaumu vilevile. Mtumie neno moja usiku huo: "Asante kwa leo, nimefurahi."

Weka siku ya kudumu

Mkishaonana mara mbili au tatu, acha kupanga upya kila mara. Kupanga kunachosha, na urafiki mwingi mchanga hufa hapo, katika kutafutana siku inayowafaa wote wawili. Sema wazi: "Tuseme kila Jumamosi ya kwanza na ya tatu asubuhi, asiyeweza aseme." Sasa kuonana ndiyo kawaida, na kutoonana ndiko kunakohitaji maelezo. Chagueni shughuli ambayo mngeifanya hata hivyo: kufanya mazoezi, kununua mahitaji ya wiki, kusafisha, kuwapeleka watoto kucheza. Mtu mzima hana saa 90 za ziada, lakini ana shughuli nyingi anazozifanya peke yake ambazo zingebeba mtu wa pili.

Omba pia msaada mdogo: kuazima ngazi, kuelekezwa kwa fundi mwaminifu, kusaidiwa kushusha kabati. Rudisha ulichoazima ndani ya wiki, kikiwa safi. Fedha usiazime wala kuazimisha katika miezi hii.

Kufunguka ngazi kwa ngazi

Saa peke yake hazitoshi kama zote zinapita katika kuzungumzia hali ya hewa. Mwaka 1997 Arthur Aron na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu wasiojuana waliulizana maswali kwa dakika 45, maswali yakizidi kina hatua kwa hatua. Walitoka wakijisikia karibu zaidi kuliko waliopewa mazungumzo ya juujuu. Nguvu ilikuwa katika kwenda polepole na kwa zamu.

Ngazi ya kwanza ni mambo: kazi, njia, ratiba. Ya pili ni maoni na mapenzi: unachokipenda, kinachokukera. Ya tatu ni hofu na matumaini: kazi usiyo na uhakika nayo, upweke wa mji huu. Ya nne ni majeraha. Panda ngazi moja, kisha subiri mwenzako apande. Ukitoa la ngazi ya tatu naye akajibu kwa la ngazi ya kwanza, shuka bila kinyongo, ujaribu tena baada ya wiki kadhaa. Kosa la kawaida la mgeni mpweke ni kuruka hadi ya nne siku ya pili, kwa sababu ana mengi yaliyomjaa na hana pa kuyaweka. Mwenzake anapata uzito asiouomba, anarudi nyuma, na mgeni anadhani amekataliwa kwa vile alivyo. Mambo hayo mazito mpigie rafiki wa zamani.

Lakini rafiki wa zamani naye awe na siku zake. Ukizungumza naye kila jioni mpaka usiku, upweke unapoa kidogo tu, kiasi cha kukufanya usitoke. Jioni mbili kwa wiki zinatosha. Nyingine ziwe za mji huu.

Yanayoharibika, na kwa nini

Kwenda kila mahali na mwenza wako. Mkiwa wawili, hamwoni haja ya kumsemesha mtu mwingine, na watu nao wanawaona mmetosheka. Kila mmoja awe na angalau kikundi kimoja cha peke yake.

Kuwa ndiye unayealika daima. Hili huuma, na watu huhesabu mapema mno. Wenyeji wana maisha yaliyojaa. Hawakukutupa, hawajazoea tu kukukumbuka. Kubali kuwa mwalikaji kwa miezi minne ya kwanza. Baada ya hapo, ukiwa umemwalika mtu mara tano au sita naye akaja, nyamaza wiki tatu uone. Asipokutafuta, angalia alama nyingine: akija huwa anakaa? Anakumbuka ulichomwambia? Wapo watu wasiojua kupanga kitu chochote maishani mwao, lakini ukiwaita wanakuja na kukaa mpaka mwisho. Hao ni marafiki.

Kumtwika mtu mmoja upweke wako wote. Akisafiri wiki moja, unabaki huna mtu, naye anaanza kuhisi unamtegemea. Kuza watu watatu kwa pamoja.

Rafiki wa haraka kupita kiasi. Anayekuita ndugu siku ya pili, akakusifu sana, na mara ya tatu akakupeleka kwenye mkutano wa biashara au akaomba fedha, amekuona mgeni. Jibu moja tu: "Sichanganyi urafiki na fedha." Mwenye nia njema atabaki.

Programu za simu za kutafuta marafiki zinafaa kama mlango, basi. Ujumbe ukipita wiki mbili bila kuonana, huwa unaishia hapo. Pendekeza siku mapema, na ikiwezekana mkutane ndani ya kikundi unachokwenda tayari.

Na kama upweke umekunyima usingizi au hamu ya kula, au umekuondolea hamu ya kila kitu kwa zaidi ya wiki mbili, nenda kwa mhudumu wa afya. Hatua hizi zinahitaji nguvu ambazo huzuni ya namna hiyo huzila kwanza.

Kukutanisha watu

Ukishakuwa na watu watatu unaoonana nao mara kwa mara, waite pamoja. Watatu hadi watano, wasiojuana, saa mbili tu, wakiwa na kitu cha kufanya mezani au uwanjani ili ukimya usiwatishe. Unapowatambulisha, mpe kila mmoja uzi wa kushika: "Huyu naye anapaka nyumba yake mwenyewe." Halafu jitoe kidogo, nenda ukachukue glasi, uchelewe kurudi. Rudia baada ya mwezi, na watu walewale pamoja na mmoja mpya. Siku moja utasikia wawili kati yao walionana bila wewe. Itakuchoma kidogo. Waulize tu walikwenda wapi na wataenda tena lini.